Kamba Haina Macho: Njia za Kutuliza Kana ya Mashua

Wahenga walisema kwamba chombo cha kuzama hakina usukani. Aghalabu methali hiyo hutumiwa kueleza mambo ya wanadamu yaliyokwisha kuharibika, lakini mwenye kusafiri kwa tanga aweza kuichukua neno kwa neno. Chombo kisichoongozwa kimekwisha kupotea hata kama bado kinaelea. Hata hivyo, hakuna mwanadamu awezaye kuushika usukani kutwa nzima bila ya kuuachia. Liko tanga la kurekebishwa, yako maji ya kutolewa ndani ya chombo, uko wavu wa kuvutwa, na liko tumbo lidailo haki yake. Mwenye msaidizi humwita msaidizi. Aliye peke yake hana budi kutafuta njia ya kukituliza chombo kiendelee na safari wakati mikono yake imeshikwa na kazi nyingine. Njia hizo zipo, nazo si ngumu. Lakini kila moja ina masharti yake, na asiyeyajua aweza kuyalipia mapumziko ya dakika tano kwa roho yake.

Mwello, katika Tororo, ni nchi ya mashamba. Mtoto wa huko hulijua jembe kabla ya kulijua kasia. Lakini safari ya kuelekea kusini, kupitia Busia, humfikisha mtu Majanji, kwenye ufuko wa Ziwa Victoria. Na ng'ambo ya mpaka, upande wa Kenya, ziko Sio Port na Port Victoria. Kabla ya Busia ya Uganda kufanywa wilaya yake yenyewe mwaka 1997, Wilaya ya Tororo ilikuwa ikifika hadi majini. Basi si ajabu kwamba vijana waliozaliwa bara huenda kutafuta riziki ziwani wakiwa wamekwisha kuwa watu wazima, na kwamba askari huhamishiwa vituo vya ufukoni bila ya kuwa na utoto wa ufukoni. Mtu wa namna hiyo hufundishwa upesi jinsi ya kuushika usukani. Jinsi ya kuuachia kwa salama, mara nyingi hujifunza peke yake, na ziwa si mwalimu mwenye subira.

KABLA YA KAMBA, MIZANI

Kana ni ule mkono wa mti uliochomekwa kichwani mwa usukani, ambao mwongozaji huushika akiwa ameketi nyuma ya mashua. Kana ikisukumwa kulia, mashua hugeukia kushoto. Ikisukumwa kushoto, mashua hugeukia kulia. Jambo hili humchanganya mgeni siku ya kwanza, na baada ya juma moja mkono hulifanya bila ya kufikiri.

Mashua inayokwenda huku upepo ukiipiga ubavuni hupenda kugeuza omo, yaani mbele yake, kuelekea kule utokako upepo. Upepo hulisukuma tanga kutoka upande mmoja, na mkuku ulio chini ya maji hukataa kusukumwa. Nguvu hizo mbili zisipokutana mahali pamoja, chombo huzunguka. Mashua ikilala upande mmoja, mzunguko huo huongezeka, na kana huanza kuuvuta mkono kama mbuzi anayekataa kwenda sokoni. Mwongozaji hujibu kwa kuivuta kana kuelekea utokako upepo, na baada ya saa moja bega humuuma.

Watu wengi, wakifika hapo, hukimbilia kamba. Hilo ni kosa. Kana inayovuta sana ni dalili kwamba chombo hakiko sawa, na kukifunga chombo kisicho sawa ni kuufunika ugonjwa bila ya kuutibu. Dawa zake ni tatu. Ya kwanza ni kuisimamisha mashua wima kwa kuwahamishia watu na mizigo upande utokako upepo. Ya pili ni kuilegeza demani, ile kamba inayolizuia tanga, au kulipunguza tanga lenyewe ikiwa upepo umezidi. Ya tatu ni kusogeza mizigo nyuma kidogo, ili omo isizame mno ikawa kama kigingi ambacho chombo kinakizunguka.

Kipimo chake ni chepesi. Kana ikiweza kuzuiwa kwa vidole viwili, mashua iko tayari kufungwa. Ikiwa inahitaji mkono mzima, bado. Hata hivyo, haifai kuuondoa mvuto wote. Mvuto mdogo ule ni mlinzi: mwongozaji akianguka au akizimia, kana huachiliwa, mashua hugeukia upepo yenyewe, tanga hupigapiga bila ya nguvu, na chombo husimama au karibu kusimama. Jambo hili msomaji na alikumbuke, kwa maana litarudi baadaye.

NJIA NNE ZA KUITULIZA KANA

Njia ya kwanza haihitaji kitu chochote ila mwili. Mwongozaji huketi upande utokako upepo, akaiegemeza kana kwenye paja au kuibana kwapani. Mikono yote miwili huwa huru kwa kazi ndogo, kama vile kukunjua kamba au kula kipande cha muhogo, na mwili huendelea kuusikia usukani. Hii ndiyo njia iliyo bora kupita zote kwa muda mfupi, kwa kuwa mtu hajaondoka mahali pake.

Njia ya pili ni kamba ya kukata chombo. Kamba moja hufungwa kwenye ubavu wa kulia, ikazungushwa kwenye kana mara mbili au tatu, kisha ikavutwa na kufungwa kwenye ubavu wa kushoto, nayo ikazwe. Mizunguko ile huikamata kana kwa msuguano. Mwongozaji akitaka kubadili mwelekeo, huisukuma kana kwa nguvu kidogo nayo huteleza juu ya kamba, kisha husimama mahali papya. Kamba na ipite karibu na ncha ya kana, si karibu na kichwa cha usukani, kwa sababu huko mbele nguvu ndogo hutosha na marekebisho huwa laini. Mwisho mmoja wa kamba ufungwe kwa fundo lifunguliwalo kwa kuvuta ncha moja tu, kama lile la kamba za buti. Fundo linalohitaji kucha na meno halina nafasi katika mashua.

Njia ya tatu hutumia mpira, na kwa jambo hili Busia haina haja ya kuagiza kitu kutoka mbali. Mji huo wa mpakani ni mmojawapo wa mahali palipozaliwa bodaboda, wakati zilipokuwa baiskeli za kuvusha watu na mizigo kutoka mpaka mmoja hadi mwingine; na mpira wa ndani wa gurudumu la baiskeli, uliokwisha kutobokatoboka, ni kamba njema kwa mwenye mashua. Hukatwa kwa urefu kuwa ukanda. Kamba ya kawaida huizuia kana upande utokako upepo, na mpira huivuta upande wa pili. Wimbi likiupiga usukani, mpira hunyoosheka kisha huirudisha kana mahali pake, badala ya kuuvunja mti au kung'oa bawaba. Kasoro ya mpira ni kwamba jua huuozesha. Sharti ukaguliwe kila wiki na kubadilishwa uanzapo kupasuka.

Njia ya nne ndiyo yenye akili zaidi, maana humtumia upepo mwenyewe awe mwongozaji. Demani hupitishwa kwenye kapi, ile roda ndogo, iliyofungwa upande utokako upepo, kisha ikaunganishwa na kana. Upande wa pili hufungwa ukanda wa mpira. Upepo ukizidi, tanga huivuta demani kwa nguvu, demani huivuta kana kuelekea utokako upepo, na mashua huugeuzia upepo mgongo kidogo. Upepo ukipungua, mpira hushinda, kana hurudi, na mashua huinua omo tena. Hivyo chombo hujirekebisha chenyewe. Njia hii yataka majaribio mengi siku ya upepo mwembamba, karibu na ufuko, mtu wa pili akiwamo. Asiyeifanyia mazoezi asiijaribu siku ya kazi.

Mitumbwi mingi ya Sesse haina kana. Mwongozaji huketi nyuma na kuiongoza kwa kafi. Huyo naye aweza kutumia kishwara, yaani kitanzi cha kamba kilichofungwa ubavuni, ambacho kafi huchomekwa ndani yake. Kishwara hakiongozi mtumbwi, ila humpunguzia mtu uzito mkononi na huzuia kafi isichukuliwe na maji pindi anapoiachia.

PEPO ZA UFUKO WA KASKAZINI

Kabla ya kufunga, sharti kuujua upepo wa mahali. Kwa kawaida, usiku na alfajiri ardhi hupoa kuliko maji, na upepo hutoka nchi kavu kuelekea ziwani. Mchana ardhi hupata moto, na upepo hubadilika, ukatoka ziwani kuelekea nchi kavu. Mvuvi wa tanga hutoka alfajiri akisukumwa na upepo wa nchi kavu, na hurudi alasiri akisukumwa na upepo wa ziwa. Mpango huu ni neema, lakini una mtego ndani yake: katika safari zote mbili upepo huweza kuja kutoka nyuma kabisa.

Na upepo wa nyuma kabisa ndio usioaminika kwa kamba. Mashua huyumba kulia na kushoto kwa kila wimbi, na kosa dogo la usukani hulifanya tanga lirukie upande wa pili kwa kishindo. Katika kishindo hicho foromali huvunjika, watu hupigwa vichwa, na mashua huweza kupinduka. Mwenye busara hauelekezi mgongo wa chombo moja kwa moja kwenye upepo. Huenda kwa hatua mbili: kwanza huuweka upepo pembeni mwa nyuma, upande mmoja, na baada ya mwendo hugeuka na kuuweka pembeni upande wa pili. Njia huwa ndefu kidogo, lakini kana hutulia. Wakati wa kugeuka, kamba zote hufunguliwa na mkono hurudi mahali pake.

Pako pia mahali ambapo kana haifungwi kabisa. Haifungwi karibu na miamba wala bandarini. Haifungwi usiku penye nyavu za wengine. Haifungwi penye gugu maji, mmea ulioenea katika ziwa hili tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, ambao hunasa kwenye usukani na kuugeuza bila ya mwongozaji kujua. Wala haifungwi wingu jeusi linapoonekana, kwa kuwa dhoruba za Ziwa Victoria huja upesi na mawimbi yake huwa mafupi yenye kufuatana karibu karibu.

MABINGWA NA SOMO LAO

Kwamba chombo chaweza kwenda peke yake, jambo hilo lilithibitishwa zamani. Nahodha Joshua Slocum aliondoka Boston, Marekani, mwezi Aprili 1895 katika mashua yake iliyoitwa Spray, akiwa peke yake, na alirudi mwezi Juni 1898 baada ya kuizunguka dunia. Katika safari ya mwaka 1897 kutoka kisiwa cha Thursday, kaskazini mwa Australia, hadi visiwa vya Keeling katika Bahari ya Hindi, alikwenda maili 2,700 kwa siku 23, na katika siku hizo zote alishika usukani kwa muda usiotimia saa 3. Siri yake haikuwa kamba peke yake. Mashua yake ilikuwa na mkuku mrefu na matanga yaliyosawazishwa vizuri. Kamba ilikuja mwisho, kuitimiza kazi iliyokwisha kufanywa na mizani.

Mwaka 1960 mabaharia watano walishindana kuivuka Atlantiki, kila mmoja peke yake. Mmoja wao alikuwa Blondie Hasler, askari wa majini wa Uingereza, ambaye mwezi Desemba 1942 aliwaongoza wenzake kwa mitumbwi midogo kushambulia meli za adui huko Bordeaux, Ufaransa. Kati ya watu 10 waliokwenda, walirudi hai 2 tu. Katika mashindano yale ya 1960 Hasler alitumia bawa dogo nyuma ya chombo, lililogeuzwa na upepo na kuuongoza usukani. Alifika wa pili kwa siku 48. Francis Chichester, aliyekuwa na bawa la namna hiyo, alifika wa kwanza kwa siku 40.

Lakini bahari haimheshimu bingwa. Éric Tabarly, ofisa wa jeshi la majini la Ufaransa, alishinda mashindano hayo hayo ya Atlantiki mwaka 1964 na tena mwaka 1976. Usiku mmoja wa mwezi Juni 1998, katika Bahari ya Ireland, alianguka kutoka chombo chake wakati wa kushughulikia tanga. Hakuwa amejifunga kwa mkanda. Wenzake walikuwamo chomboni, walimtafuta, na hawakumpata akiwa hai. Ikiwa bingwa mwenye wenzake hupotea hivyo, mtu aliye peke yake, ambaye kana yake imefungwa, ana nafasi gani?

HESABU YA DAKIKA MOJA

Hapa ndipo lile jambo la mlinzi linaporudi. Mashua ambayo kana yake iko huru humgojea aliyeanguka, kwa sababu hugeukia upepo na kupunguza mwendo. Mashua ambayo kana yake imefungwa vizuri haimgojei mtu. Kadiri ilivyofungwa kwa ustadi, ndivyo inavyokwenda zake kwa unyofu.

Hesabu yake mtoto wa shule aweza kuifanya. Mashua iendayo kilomita 6 kwa saa, mwendo ambao si wa kasi, hupita mita 100 kila dakika. Mtu aliyevaa nguo, aliyeshtuka, mwenye maji kinywani, hawezi kuogelea mita 100 kwa dakika moja. Na wakati yeye anachoka, mashua haichoki. Askari wanalijua jambo hili kwa njia nyingine: hakuna mlinzi aondokaye lindoni kabla ya kupokewa na mwenzake. Kamba iliyofungwa kwenye kana ni mlinzi aliyepokea lindo bila ya kuwa na macho wala masikio. Yaweza kusimama, lakini haiwezi kuona.

Kwa hiyo masharti ni matatu. Kwanza, afungaye kana hujifunga mwenyewe kabla yake, kwa mkanda wa kifuani na kamba fupi iliyoshikizwa mahali imara, na juu yake huvaa jaketi la kuelea. Pili, panapokuwa hapana nyavu wala magugu, kamba ndefu ya mita 20 au 30 yenye boya mwishoni huburutwa nyuma ya mashua, nayo huunganishwa na lile fundo la kuvuta lililoko kwenye kana. Aliyeanguka akiikamata na kuivuta, fundo hufunguka, kana huwa huru, na mashua hugeukia upepo. Kamba hiyo ijaribiwe kwanza karibu na ufuko, watu wakiwapo. Tatu, kila baada ya muda mfupi mwongozaji huinua macho na kutazama pande zote nne. Anayelala huku kana imefungwa katika ziwa lenye vyombo vingi huweka rehani maisha ya wengine pamoja na yake.

Wale wanaotumia injini za nyuma wasidhani kwamba maneno haya hayawahusu. Mkono wa injini nao ni kana, na mashua yenye injini huenda upesi zaidi. Mkono huo haufungwi kamwe. Injini nyingi za namna hii huja na kamba fupi ya kuizima, ambayo mwendeshaji huifunga kiunoni au mkononi, ili akianguka injini izime papo hapo. Mara nyingi kamba hiyo huonekana ikining'inia bure kwenye injini, kana kwamba ni pambo.

KAZI YA NYUMBANI

Usalama wa majini huanzia uani. Mkanda wa kifuani waweza kushonwa nyumbani kwa turubai nene au kwa ukanda imara wa mizigo, ukishonwa mara mbili kwa uzi mnene, wenye pete ya chuma mbele. Kabla ya kutumiwa, uning'inizwe na kubebeshwa gunia zima la mahindi. Mshono ukilegea, ufumuliwe na kushonwa upya. Kamba za mashua zianikwe kivulini, si juani, na mpira wa kana ukaguliwe siku ile ile nguo zinapofuliwa, ili kazi hiyo isisahauliwe. Vijana wa nyumbani wafundishwe fundo la kuvuta mpaka waweze kulifunga na kulifungua gizani.

Lililo kubwa kuliko yote halihitaji sindano wala uzi. Kabla ya kutoka, baba na aseme anakwenda wapi na atarudi saa ngapi, na mtu mmoja nyumbani alishike neno hilo. Saa hiyo ikipita, taarifa ipelekwe ufukoni kwa wavuvi na kwa askari wa majini bila ya kungojea asubuhi. Watu wa nyumbani wasione haya kuuliza. Kamba ya kana haina macho. Lakini nyumba ina macho mengi, na saa moja ya kuwahi yaweza kumrudisha mtu aliyekuwa ameshikilia boya gizani, akingoja sauti.